Nataka kumnunulia mke wangu gari jipya: nichukue lipi?

Swali: Nataka kumnunulia mke wangu SUV ndogo, mpya, na nimpe kwa kumshtukiza. Ana urefu wa sentimita 154 na kwa sasa anaendesha gari dogo la milango mitano. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miezi 7. Kila siku anakwenda kazini kilomita 14, karibu zote foleni. Mara moja kwa mwezi tunasafiri mbali, na kilomita 40 za mwisho ni barabara ya vumbi yenye makorongo. Nimebakiwa na tatu: Toyota RAV4 ya haibridi (petroli na umeme pamoja), Mazda CX-5 na Subaru Forester. Moyo wangu uko kwenye toleo la juu, lenye ringi za inchi 19, fowili (magurudumu yote manne huvuta) na paa la kioo. Nichukue lipi?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na lile ambalo huenda lisikufurahishe: usimnunulie gari kwa kumshtukiza. Mshtukize kwa kumwambia kwamba fedha ipo na Jumamosi hii mnakwenda kulichagua pamoja. Furaha yake haitapungua hata chembe. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki hutakilalia wewe. Yeye ndiye atakayeketi humo asubuhi na jioni, akiwa amechoka, mtoto analia nyuma, na bodaboda zinampita kushoto na kulia.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa gari ambalo halikuwa limemaliza hata miezi minne barabarani. Bampa la nyuma lilikuwa limekwaruzwa pembe zote mbili, na ringi ya mbele kushoto imeliwa ukingo. Mume alitaka nikague sensa, akiamini zina hitilafu. Sensa zilikuwa nzima. Nikamwomba mkewe aketi kwenye usukani kama anavyoketi siku zote. Akasogeza siti mbele mpaka mwisho wa reli, akainyanyua mpaka juu, na bado alilazimika kuinua kidevu ili aone boneti. Nikachukua tepu, nikapima kutoka mfupa wa kifua mpaka katikati ya usukani: sentimita 17. Mume alipotoka nje kupokea simu, yule mama akaniambia polepole kwamba tangu siku ya kwanza gari lile lilimtisha, ila alishindwa kusema kwa kuwa lilikuwa zawadi. Maneno yale sijayasahau, na ndiyo sababu jibu langu litakaa zaidi kwenye mwili wa shemeji kuliko kwenye injini.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri dereva awe na angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na kitovu cha usukani, kwa sababu mfuko wa hewa hufyatuka kwa nguvu kubwa kabla hata hujapepesa jicho. Mtu mrefu hupata nafasi hiyo bila kuitafuta. Mtu wa sentimita 154 huipata tu kama gari limetengenezwa likimfikiria: usukani unaovutika na kusukumika, si wa kupanda na kushuka tu, siti inayonyanyuka vya kutosha, pedali zisizodai mguu unyooke wote. Kwa hiyo mkifika dukani, kabla ya kuuliza bei wala rangi, mwambie aingie na viatu anavyovaa akienda kazini. Akanyage breki mpaka chini huku mgongo umeegemea kabisa na goti limebaki limekunjika kidogo. Arekebishe usukani. Ndipo utoe tepu upime. Ikiwa hafiki 25 kwa namna yoyote ile, gari hilo lifute kwenye orodha, hata kama ndilo uliloliota.

Akiwa bado ameketi, tazama mkanda unapita wapi. Unatakiwa ukatize katikati ya bega. Ukigusa shingo, jaribu kuishusha ile nanga ya juu kwenye nguzo ya mlango. Ikishindikana, atazoea kuupitisha chini ya kwapa, na mkanda wa namna hiyo siku ya ajali huumiza badala ya kuokoa. Kisha mwombe ageuze usukani kana kwamba anakata kona ya kushoto, nawe tembea taratibu mbele ya gari upande huo. Utafika mahali atakuambia amekupoteza nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele. Kila gari lina mahali hapo pa kufichika, lakini mengine hufunika mtu mzima na mengine hufunika bega tu. Ukitaka kujua kwa nini Forester ina wapenzi wengi miongoni mwa madereva wafupi, ni hapo utakapoelewa: vioo vyake ni vikubwa, ukingo wa chini wa madirisha uko chini, na dereva huketi wima kama yuko kwenye kiti cha mezani. CX-5 ya kizazi cha pili, kile cha 2017, ina mkia wenye umbo la kupendeza sana machoni, ila kioo cha nyuma ni kidogo na ukingo wa madirisha umepanda. RAV4 iko katikati ya hizo mbili.

Sasa tuje kwenye nyota za usalama, maana najua utaziangalia. Sanamu ya kiume inayotumika zaidi katika majaribio ya ajali ina urefu wa sentimita 175 hivi na uzito wa kilo 78. Sanamu ndogo ya kike ina kama sentimita 150 na kilo 49, na shemeji yuko karibu zaidi na hiyo. Mwaka 2022 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iliongeza sanamu yenye mwili wa mwanamke mdogo, au wa mtoto wa miaka 12, kwenye siti ya nyuma katika jaribio lake la kugongana kwa mbele. Matokeo yalishtua wengi. Kati ya SUV ndogo 15 za awali, mbili tu zilipata daraja la juu, na 9 zikaangukia la chini kabisa. RAV4 ya wakati ule ilipata daraja la pili kutoka juu, Forester la tatu, CX-5 la mwisho. Magari hayo yamebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo tafuta alama ya mwaka uleule wa gari unalolipia, usitumie za zamani kulihukumu jipya. Wala usidhani kwamba siti ya nyuma ni hatari: kwa mtoto, nyuma bado ndiko salama zaidi kuliko mbele. Ninachotaka ujue ni kwamba nyota tano zilizobandikwa kwenye kioo hazikwambii habari zote za wale wanaoketi nyuma.

Na kwa kuwa tumefika nyuma, nendeni dukani na siti ya mtoto. Namaanisha ile yenyewe, ibebeni. Mtoto wa miezi 7 anapaswa kutazama nyuma, na siti ya namna hiyo hula nafasi kwa urefu kuliko watu wanavyodhani. Ifungeni kwenye nanga za Isofix, vile vyuma vya kushikia siti ya mtoto, nyuma ya abiria wa mbele, kisha wewe keti hapo mbele uone magoti yako yanafika wapi. Watu wengi hugundua siku ya pili baada ya kununua kwamba mtu mzima hawezi tena kuketi mbele bila kukunjana. Angalia pia jinsi vidole vinavyozifikia nanga zenyewe: kwenye magari mengine ziko wazi ndani ya kifuniko cha plastiki, kwenye mengine zimezama kati ya mito ya siti na utakwaruza kucha kuzitafuta. Huyu wa miaka 5 atahitaji siti ya kumwinua, na kifungo cha mkanda wake kisifunikwe na siti ya mdogo wake. Yote hayo hupimwa kwa dakika kumi, na muuzaji mwema hatakasirika. Akikasirika, umeshajua atakavyokuwa siku ukirudi na tatizo.

Injini. Kilomita 14 za foleni ndizo kazi ambayo haibridi iliumbiwa. Katika foleni injini ya petroli huchoma mafuta ikiwa imesimama, na kila ukikanyaga breki nguvu uliyoilipia inapotea kama joto kwenye diski. Haibridi huzima injini, husogea kwa umeme, na ikifunga breki mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu ile kwenye betri. Ndiyo maana hata pedi za breki hudumu. Watu huogopa giaboksi yake kwa kuwa huitwa e-CVT, wakifikiri ni ile CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ya mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Ya Toyota si hiyo. Ndani yake mna seti ya gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka ya katikati) na mota mbili za umeme, hakuna mkanda wa kuteleza wala klachi ya kuungua. Forester ya petroli ndiyo yenye CVT ya kweli, inayotumia cheni; ni laini kwenye foleni, ila haipendi joto, na mimi binafsi sikubali ile kauli ya oili ya giaboksi ya maisha yote. Oili inachoka, ibadilisheni. CX-5 ina otomatiki ya kawaida ya gia sita, iliyo rahisi kueleweka na fundi yeyote makini, na katika hizo tatu ndiyo inayotii usukani vizuri zaidi. Kama shemeji anapenda kuendesha, kuendesha kwa raha na si kufika tu, ataihisi tofauti hiyo ndani ya kona mbili. Mpe nafasi aiseme.

Kuna jambo dogo kuhusu haibridi ambalo wauzaji hawalitaji. Betri kubwa ya RAV4 iko chini ya siti ya nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayoingia kupitia tundu lenye chujio pembeni mwa siti hiyo, chini. Familia yenye watoto hujaza mahali hapo blanketi, mabaki ya biskuti, vumbi la safari. Chujio likiziba, feni hupiga kelele, betri hupata joto na maisha yake hupungua. Kila mkienda sevisi, mwambie fundi alifungue alisafishe. Kazi ya dakika chache.

Fowili nitaisemea kwa uwazi. Inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama; breki za magurudumu manne kila gari linazo. Kwa barabara ya vumbi iliyokauka, gari la kuvuta kwa mbele lenye tairi nzuri hufika bila shida. Fowili ina maana pale vumbi linapogeuka tope, au kwenye mlima wenye kokoto. Na hata hapo zinatofautiana. Forester ina shafti inayopeleka nguvu nyuma wakati wote, na tumbo lake liko milimita 220 kutoka ardhini, kimo ambacho wengi wa daraja hili hawakifikii. RAV4 ya haibridi haina shafti kwenda nyuma. Kuna mota ndogo ya umeme inayozungusha magurudumu ya nyuma yenyewe. Inatosha kabisa kukutoa kwenye utelezi mfupi, ila si ya kupambana na mchanga mzito saa nzima. Makorongo ya kilomita 40 mara moja kwa mwezi yanaangukia ndani ya uwezo wa zote tatu, mradi dereva hana haraka.

Kinachonipa wasiwasi kuliko fowili ni hizo ringi za inchi 19. Chukua tairi mbili zinazofungwa kwenye RAV4: 225/65R17 na 235/55R19. Namba ya katikati ni asilimia ya upana inayofanya kimo cha ubavu wa tairi. Piga hesabu: ya inchi 17 ina ubavu wa milimita 146, ya inchi 19 ina milimita 129. Tofauti ni milimita 17, karibu unene wa kidole gumba, nayo ni mpira na hewa vinavyosimama kati ya korongo na ringi yako. Kidole gumba hicho ndicho kinachoamua kama jiwe litakupa mtikisiko tu au litapasua ubavu na kupinda ringi, usiku, watoto wamelala nyuma. Tairi kubwa ni ghali zaidi na gari huwa gumu kwenye matuta. Chagua inchi 17, au 18 ukikosa, na fedha itakayobaki iweke kwenye tairi la spea. Uliza kwa herufi kubwa kama gari linakuja na tairi kamili, tairi jembamba la muda, au mkebe wa gundi na pampu. Gundi huziba tundu la msumari. Ubavu uliochanika haiuzibi.

Paa la kioo achana nalo kama hakuliomba. Hupunguza kimo cha ndani na huongeza uzito juu ya gari.

Skrini lakini isikupite. Mwombe shemeji, gari likiwa limesimama, apunguze baridi ya kiyoyozi, azime redio na aondoe ukungu kwenye kioo cha mbele, bila wewe wala muuzaji kumwonyesha. Hesabu mara ngapi macho yake yanatoka barabarani. Euro NCAP, shirika linalotoa zile nyota za Ulaya, tangu 2026 linayapa alama magari yanayobakiza vitufe halisi kwa mambo matano: indiketa, taa za tahadhari, waipa, honi na mwito wa dharura. Walifika hapo baada ya kuona watengenezaji wanatupa kila kitu ndani ya skrini. CX-5 ya kizazi cha pili ilikuwa na kirungu cha kuzungusha karibu na gia, kitu kizuri mno kwa mkono usiotazama. Kizazi cha tatu, kilichotangazwa 2025, kimekiondoa na kuhamia skrini ya kugusa, ingawa kwa upande mwingine gari limerefushwa na nyuma kumekuwa na nafasi zaidi. Kwa hiyo ukisoma sifa za CX-5, hakikisha ni za kizazi gani.

Buti nalo lina hila zake. Lita zinazotajwa hupimwa kwa kanuni zaidi ya moja. Moja hujaza vibao vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5, kila kimoja lita moja. Nyingine huhesabu kwa namna yake, na gari lilelile hutoka na namba tofauti. Usilinganishe karatasi kwa karatasi. Nenda na kigari cha mtoto, kikunje, kitumbukize, ufunge mlango. Tena akitumbukize yeye, ili ujue kama kizingiti cha buti kiko juu sana kwa mgongo wake.

Sasa uamuzi wangu, kwa hayo uliyonieleza. Kama angepita mtihani wa tepu kwenye zote tatu, ningechukua RAV4 ya haibridi, toleo la kati, ringi ndogo, kwa sababu siku zaidi ya ishirini kwa mwezi maisha yake ni foleni, na safari ya vumbi ni siku moja. Ujue pia kwamba kizazi kilichotangazwa Mei 2025 hakina tena petroli tupu: ni haibridi ya kawaida au ya kuchomeka, na ya kuchomeka ina maana tu kama mna mahali pa kuichaji kila usiku. Kama akikaa kwenye Forester ukamwona mabega yameshuka, anatazama huku na huku bila kunyoosha shingo, basi chukua Forester bila kujuta, hata kama mafuta yatazidi kidogo. Utulivu wa dereva ni kifaa cha usalama ambacho hakiandikwi kwenye orodha. Kumbuka tu kwamba mfumo wake wa kumsaidia dereva hutegemea kamera mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele. Siku kioo kikipasuka, hakibadilishwi na yeyote tu. Kamera lazima zipangwe upya, kwa hiyo uliza bima yako kama inagharamia. CX-5 ningeiweka ya tatu kwa sababu ya watoto, si kwa ubaya wake. Kwa wanandoa wasio na siti mbili za watoto nyuma, huenda ningeigeuza orodha yote.

Mkishachagua, aendeshe yeye, kwenye njia yake mwenyewe ya kazini kama duka linaruhusu, saa ya foleni. Wewe keti nyuma. Nakuomba sana hili, keti nyuma na unyamaze, kwa sababu mume akiwa mbele huanza kufundisha, na mke huanza kuendesha ili kumridhisha. Mwache aegeshe kinyumenyume mara mbili, ya kwanza kwa kamera, ya pili kwa vioo tu. Mkirudi usimuulize kama amelipenda. Muulize ni wapi alisita.

Siku ya kukabidhiwa, kabla hujasaini, tazama ubavuni mwa kila tairi herufi DOT na namba nne za mwisho: 1825 ni wiki ya 18 ya mwaka 2025. Gari jipya lililokaa yadi muda mrefu linaweza kuja na tairi zilizozeeka kuliko unavyofikiri. Pima na presha, maana tairi nyingine huja zimejazwa kupita kiasi kwa ajili ya safari ya meli. Halafu, kama mlango wa buti ni wa umeme, usiondoke yadi bila kuupanga. Ukiachwa wazi mpaka juu, shemeji hatafika kwenye kitufe cha kuufungia. Asimame nyuma ya gari, ausimamishe pale mkono wake unapofika bila kuinua kisigino, abonyeze kitufe na kukishikilia mpaka kilie. Kwenye magari mengi ya aina hii mlango utakumbuka kimo hicho, na kuanzia hapo utafunguka kwa kipimo chake yeye.